Sanduku la Rebeka

Jumapili, 16 Februari
Nimenyoa ndevu, nimevaa koti langu la ualimu, tumeenda kanisani kwa miguu kama kila Jumapili. Nikasimama kutoa ushuhuda. Binti yangu Rebeka amefaulu vizuri kidato cha nne. Nikasema anaingia kidato cha tano, sayansi, kisha chuo kikuu, awe daktari. Vigelegele. Rebeka aliinamia sakafu. Nilidhani ni adabu.

Jumatatu, 17 Februari
Wamama wa kanisa wameleta sanduku la bati, jipya, la buluu, kwa ajili ya bweni. Nikatafuta rangi nyeupe, nikaandika kwenye kifuniko kwa mwandiko wangu wa ubaoni: REBEKA, KIDATO CHA TANO. Nilifundisha Uvira, kwetu Kongo, miaka kumi na minne, mkono haujasahau. Nilifurahi kama mtoto.
Rangi haijakauka, Rebeka akaleta fomu ya wafadhili. Sekondari ya juu au chuo cha ufundi, unatia alama moja tu. Sahihi ya mzazi chini. Mwisho Ijumaa. Anataka umeme. Tangu mitihani iishe amekuwa akikaa Ruti, pale Mbarara, kwa mama yake mdogo, akijishikiza kwa fundi wa umeme. Mimi nilidhani anapitisha muda. Nimekataa.

Jumanne, 18 Februari
Kule kwetu aliyeshindwa ndiye aliyepelekwa ufundi. Mimi mwenyewe niliwapeleka wengi, kwa kalamu nyekundu. Sasa wangu, tena aliyefaulu?
Wakati wa kula akaniuliza, bila kelele:
"Papa, ile diplome yako, huku ilikusaidiaka nini?"
Mama yake akaacha kupakua. Diplome yangu ya ualimu iko ndani ya nailoni, chini ya godoro. Tulivuka nayo mpaka, tukaacha hata sufuria. Hapa Juru, kambini Uganda, nalima maharage. Nilimchukia mtoto wangu mpaka sahani zikaondolewa. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 19 Februari
Amerudi Ruti bila kuaga. Nimelima mpaka mikono ikaota malengelenge.

Alhamisi, 20 Februari
Nimeenda Mbarara kumwambia yule fundi asimpokee tena. Karakanani wakanielekeza kwenye nyumba mpya, barabara ya Kabale. Rebeka alikuwa juu ya ngazi, hakuniona. Taa ikawaka. Nikadhani amemaliza. Akazima, akafungua kifuniko tena, akarekebisha waya mmoja ambao hakuna mtu angeuona, akafunga.
Darasani nilimtafuta mwanafunzi wa namna hiyo kila mwaka. Nilipata watatu, labda wanne.
Fundi, Mnyankole mnene, akanishika mkono. "Mzee, mimi nafundisha watu mingi. Huyu mtoto yako anajua kazi." Akaniambia pia kwamba ukitoka cheti unaenda diploma, ukitoka diploma chuo kikuu kipo. Njia ndefu, lakini ipo. Sikuwa najua. Sikuwa nimeuliza.
Nililoendea sikulisema. Tumerudi wote wawili.

Ijumaa, 21 Februari
Nimesaini ufundi. Sina furaha. Rebeka alilia, nikaenda shambani.

Jumapili, 23 Februari
Nimesimama tena mbele ya kanisa. Nikasema ule ushuhuda wa wiki iliyopita ulikuwa wangu, haukuwa wa Rebeka. Yeye anaenda kusoma umeme. Hakuna kigelegele. Mama mmoja wa mbele akauliza, "Eh, kumbe alishindwa?" Nikasema hapana, alifaulu. Nikakaa. Aibu niliyoisikia ni kubwa. Rebeka alinishika mkono wa koti, akauachia tulipofika nyumbani.

Jumatatu, 24 Februari
Asubuhi nimeyakwangua maneno ya kidato kwa kisu. Bati limebaki na mikwaruzo. Jina nimeliacha. Rebeka amepanga shuka, daftari, sabuni, na juu kabisa koleo na bisibisi alizopewa na fundi. Kisha akazitoa tena, akaziweka mbele yangu. Anasema chuoni vifaa vinapotea, niviandikie jina.
Nikachukua brashi. Nimeandika kimoja kimoja, herufi ndogo, mpaka rangi ikaisha.