Zamu Kwenye Meza ya Mayai

Kaka Shabani,

Vipi huko Doha, chumba bado kinanuka soksi zako? Mimi nipo likizo mashambani nje ya mji wa Tours, kwa dada Zuhura aliyeolewa huku Ufaransa, tunazurura na baiskeli kama watoto wa tajiri. Jua lao ni baridi kama esi yetu ya chumbani, na bado wenyewe wanajipepea.

Leo, katikati ya mizabibu, tumekuta meza kando ya njia: mayai, asali, na kopo la hela. Mlinzi hakuna! Dada akasema watu huchukua, huweka hela, huondoka zao. Nikamwambia atangulie. Miaka sita ya ulinzi, kusimama getini huko Doha, si mchezo, ndugu yangu: nikaegesha baiskeli, nikachomekea shati, nikasimama saa nzima. Bibi mmoja aliyefuata mayai nilimwandikisha jina nyuma ya ramani kabla hajagusa kitu.

Mwenye meza akatokea, mama mnene mwenye gambuti. Akanitazama, akatazama mayai, akapiga simu. Nikajua ni polisi, na Kifaransa changu kinaishia bonjour. Kumbe anamwita mumewe aje kuona kituko. Wakacheka mpaka wakashikana, kisha wakaniletea kiti. Kiti, Shabani! Miaka sita yote, bosi gani aliwahi kutuambia tukae?

Usimwambie supavaiza. Nimekikalia nusu saa kwa ajili yangu, na nusu saa nyingine kwa ajili yako. Pumzisha miguu, mwanangu.

Mussa