Boila ya Pili

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kifua cha Baba kimetulia tangu baridi ipungue. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kukodolea kompyuta. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "niko zamu" kisha unakata, hata siku ambazo najua fika ni za mapumziko yako.

Nimepewa kazi, Dada. Nchi yetu haijapanga bei ya tani ya kaboni. Hakuna sheria inayosema ukitoa moshi kiasi hiki, lipa kiasi hiki. Lakini kuna sera. Kuna ya kununua umeme wa upepo kwanza kabla ya mwingine wowote, kuna ruzuku ya paneli za jua, kuna marufuku ya balbu za zamani. Kila moja inatugharimu, na kila moja inapunguza moshi. Ukigawanya gharama kwa tani zilizopungua, unapata bei ambayo nchi inalipa kimyakimya bila kuitangaza popote. Huenda sera moja inapunguza tani kwa bei ya baiskeli, na nyingine kwa bei ya pikipiki. Hakuna anayejua ipi ni ipi. Mimi ndiye nimeambiwa nitafute.

Nimekwama kwenye upepo. Upepo ukivuma, ninyi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe mnapunguza moto, sivyo? Hapa wizarani nina wastani wa mwaka tu. Nahitaji kujua boila zenu, hayo matanuri ya mvuke, zikiendeshwa nusu zinakula makaa kiasi gani kwa kila yuniti ya umeme. Wewe umekaa mbele ya geji za kupimia boila hizo miaka kumi na minne. Naomba uninakilie kutoka madaftari ya zamu, miezi mitatu tu. Mkuu wa kituo ameshasaini ruhusa.

Ripoti itasomwa mbele ya jopo la wizara tarehe kumi Mei. Nimeshaanza kukosa usingizi.

Msalimie Baba. Picha yangu aliyoiomba nimeituma.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Kifua cha Baba kimepona kabisa. Najua hivyo kwa sababu ameweza kupanda ngazi hadi kwa kila jirani wa jengo hili kuwaeleza kwamba bintiye anapiga hesabu za taifa. Jumapili alimweleza hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki. Fundi akanitazama, akauliza, "Na huyu je?" Baba akasema, "Huyu? Huyu yuko kwenye makaa." Basi, imeisha hiyo. Utafikiri nauza magunia kando ya barabara.

Sikuandikii kulalamika. Ila umesema "umekaa" mbele ya geji. Njoo ukae wewe zamu moja, king'ora kikilia na mkanda wa kubebea makaa umekwama, halafu uniambie kiti kilikuwa kitamu. Na huko kugawanya unakonifafanulia kama mtoto wa chekechea, ni nani aliyekufundisha, kwenye meza ya jikoni, kwa punje za maharage?

Mwaka ule marehemu Mama alipolazwa ilibidi mmoja wetu abaki kumuuguza. Hakuna aliyesema ni nani. Walinitazama tu, nikajua. Wewe ukaenda chuo, ukaenda na sanduku langu.

Takwimu zako hizi hapa, kurasa sita, kwa mwandiko wangu. Boila ikishushwa hadi nusu inakula makaa zaidi kidogo kwa kila yuniti, lakini si sana. Utaona mwenyewe. Wewe ndiye msomi.

Picha imefika. Ameitundika sebuleni, pale palipokuwa na cheti changu cha mfanyakazi bora.

Dada yako


4 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo tena, na asante isiyo na kipimo. Kurasa zako ni safi kuliko chochote tulichonacho ofisini. Nimeingiza kila namba, na bei ya tani kwa sera ya upepo imeshuka hadi chini ya zote! Mkuu wangu wa kitengo alipiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika kwenye suruali yake.

Swali moja dogo, nawe usinikasirikie. Boila ni mbili, lakini naona safu moja tu ya takwimu. Je, zote zimo humo?

Kuhusu sanduku na mwaka ule, nikueleze ukweli. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilifurahi kuondoka, na niliona haya kufurahi. Sikuwahi kukwambia.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ndiyo. Zinafanana. Tumia hizo hizo.

Nina zamu mfululizo wiki hii, sina nafasi ya kuandika zaidi. Baba anakusalimu mara kumi.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima kwa mwili.

Hukuniambia kwamba mkuu wa kituo angekuja nawe kwenye jopo. Nilipoinua kichwa nikakuona mstari wa tatu, na madaftari ya zamu mapajani, nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia, Dada yangu amekuja kunisikiliza.

Nilisoma dakika ishirini. Halafu mwenyekiti akakugeukia wewe. "Mama, wewe ndiye uko mitamboni. Hii hesabu ni ya boila ipi?"

Ukasimama. "Ya kwanza, mwenyekiti. Ile iliyokarabatiwa."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya zamani. Ukiishusha hadi nusu ni kama gari kwenye foleni. Injini inaunguruma, mafuta yanaisha, na hujafika popote."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, maana ulisema vizuri kuliko kurasa zangu zote. Yaani upepo unavuma, tunaulipia, huku boila ya pili inaendelea kumeza makaa karibu kama kawaida. Moshi haupungui kama nilivyoandika. Bei ya tani si ya baiskeli hata kidogo.

"Mbona haya hayamo kwenye ripoti?" mwenyekiti akauliza.

Nilikutazama. Ukatazama madaftari yako.

Barua yako ilikuwa kwenye jalada langu, chini ya mkono wangu wa kushoto. "Zinafanana. Tumia hizo hizo." Ningeweza kuitoa. Nikasema, "Ni kosa langu, mwenyekiti. Nilinakili vibaya."

Umeteuliwa mjumbe wa jopo. Mtu kutoka mitamboni, wamesema, ndiye waliyemkosa siku zote. Mimi nimeondolewa kwenye ripoti, napanga majalada ya mwaka juzi. Kwenye ngazi mkuu wa kitengo alinipita bila salamu.

Sitaki kujua kwa nini. Nadhani najua.

Mimi


30 Mei

Mdogo wangu,

Salaam. Uwe mzima, hilo naliomba kwa moyo mmoja hata kama hutaki kulisikia kutoka kwangu.

Nitasema, usome au uchane. Nilikuwa na takwimu za boila zote mbili mezani siku ile ya kwanza. Nilianza kunakili ya pili, nikafika mstari wa nne. Baba alikuwa chumba cha pili anazungumza kwa simu: "Huyu mdogo ndiye kichwa cha familia." Nikaweka kalamu chini. Nilijidanganya kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilitaka ukosee, mara moja tu, mbele ya watu.

Sikujua ningeitwa kwenye jopo. Niliambiwa asubuhi ile ile, nikapanda gari la kituo na madaftari. Mwenyekiti aliponiuliza sikuweza kudanganya kuhusu boila. Kukudanganya wewe niliweza, kuidanganya mitambo nikashindwa. Sijui hiyo inanifanya mtu wa namna gani.

Na kwa kuwa anayekiri hukiri yote, nami nakiri hili: watu walipocheka kwa maneno yangu, niliona utamu. Ulidumu mpaka wewe ulipofungua mdomo na kujitwika kosa langu.

Baba sasa anawaambia majirani kuhusu "binti wa jopo". Nimelisubiri neno kama hilo tangu nikiwa msichana. Juzi nimelisikia kupitia ukutani nikataka kuziba masikio.

Niandikie, hata tusi.

Dada yako


22 Juni

Mdogo wangu,

Salaam. Hujaandika, na sikulaumu. Hii si ya kukubembeleza, ni ya kukujulisha.

Jumanne nilikwenda kwa mwenyekiti na madaftari yote, na nakala ya kile nilichokutumia. Nikamwambia, "Mdogo wangu hakunakili vibaya. Aliniuliza kwa maandishi kama boila zote zimo, nikamjibu ndiyo. Nilijua si kweli."

Akavua miwani. "Unaelewa unachokisema, mama?"

"Naelewa."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Mdogo wangu, nilikuwa nimeandaa sababu tatu nzuri njiani. Mdomo ukasema, "Wivu."

Akasema na yeye ana kaka. Halafu akaandika alichopaswa kuandika. Nimetolewa kwenye jopo. Nimepewa barua ya onyo, na miezi mitatu nimeondolewa chumba cha udhibiti, nafagia na kukagua mkanda wa makaa pamoja na vijana wa mkataba. Nikirudi nyumbani naoga maji mara mbili na bado taulo inakuwa nyeusi.

Baba nimemweleza mwenyewe.  Alikwenda dirishani, akasimama huko mpaka chakula kikapoa. Kisha akaniuliza, "Nilikuwa nakusema vipi kwa watu?" Nikamwambia, neno kwa neno. 

Dada yako


19 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini mabega yako yamezoea mkanda. Mimi sijambo.

Nimerudishiwa ripoti wiki tatu zilizopita. Nilichelewa kukujibu kwa makusudi. Barua zako zote mbili nimezisoma, na kila nilipoanza jibu, lilikuwa la kukuumiza, na mengine yalikuwa mazuri sana mpaka nikasikitika kuyachana.

Sijakusamehe bado. Naandika hivyo ili usije ukasikia kutoka kwa Baba kwamba yameisha. Na kwa kuwa wewe umesema lako, mimi pia nina langu. Siku ile, hata kabla sijaumia kwa sababu ya takwimu, nilikuonea wivu. Mimi nilikuwa na kurasa sitini. Wewe ulisimama bila karatasi, ukasema sentensi tatu, na chumba kizima kikaelewa. Nimesoma miaka saba, sijawahi kueleweka namna hiyo.

Hesabu mpya imetoka. Upepo peke yake ni ghali karibu mara mbili ya nilivyosema. Lakini ukizima boila ya pili kabisa badala ya kuishusha nusu nusu, bei ya tani inaanguka kuliko sera nyingine yoyote tuliyoipima. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuziunganisha hizo mbili. Wazo hilo limetoka kwenye madaftari yako. Najua umeihudumia boila hiyo miaka yote, nami ndiye ninayependekeza izimwe. Sikuweza kuandika vinginevyo.

Jopo linataka vipimo vya wiki nzima kabla ya kuamua, na wanataka mchumi awepo mitamboni. Mkuu wa kituo amekubali uondolewe kwenye mkanda kwa siku hizo saba, urudi chumba cha udhibiti.

Nafika Jumatatu asubuhi, kwa basi la kwanza. Usinipokee kituo cha basi, nitakuja moja kwa moja kazini. Niandalie kofia ngumu inayonitosha. Kisha simama pembeni yangu, unionyeshe ipi ni geji ya nini, na usiniambie namba hata moja. Nitazisoma mwenyewe.

Mdogo wako