Zawadi ya Bamvua

Mpendae,
Unguja.
6 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Zeyana,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba, na Mungu akuzidishie. Hali yako vipi huko Maskati, na goti je? Usipande ngazi mbio kuwahi kazi, cherehani itakungoja. Sisi huku hatujambo. Joto la kaskazi limetushika na maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe, lakini afya ipo, alhamdulillahi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hucheka kabla sijafika mwisho, na jambo hili nataka ulisome lote. Barua nampa jirani yetu Nassra, anasafiri kesho kutwa.

Umesema hutakuja kwenye arobaini ya mjukuu wetu, kwa kuwa kazi imepungua na huna bangili ya dhahabu ya kumvisha. Nimekusikia. Aibu hiyo naijua. Yangu mimi ilichanganyika na wivu, na sikuombei mchanganyiko huo.

Nianze na wivu. Mimi ni bibi mzaa baba. Kwa desturi yetu mwenye kujifungua mara ya kwanza hurudi kwa mama yake, akakandwa na kuogeshwa huko mpaka arobaini itoke. Basi mkwe wangu Radhiya yuko Kiwengwa, na mtoto yuko kifuani kwa mama yake Radhiya, Bi Mwanakhamis. Anuar wangu akinipigia simu, habari ni ile ile: mama mkwe kamwogesha, mama mkwe kamlaza, mtoto kamchekea mama mkwe. Mtoto wa siku chache hacheki, ni gesi ya tumbo. Hata jina wamempa la upande wao. Nilitaraji Wakil, jina la baba yetu, akaitwa Mcha. Ni jina zuri. Nalitaja kila siku ili nilizoee.

Siku ya saba nikasema, leo naingia kwa kishindo. Nilinunua Darajani karai la kuogeshea mtoto, la buluu, lenye picha ya bata, nikalifunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe. Kufika, nikakuta makarai matatu yamepangwa moja ndani ya jingine, na kando yake kitanda cha magurudumu alicholeta mjomba wake Radhiya. Kila mgeni alikisukuma kidogo kujaribu. Langu likapokewa, likashukuriwa, likawekwa juu ya yale matatu, pamoja na bata wake.

Nikampakata mtoto, akalia. Bi Mwanakhamis akamchukua, akanyamaza.

"Hajakuzoea, Mwalimu," akaniambia kwa upole kabisa. Upole wake ndio ulioniuma.

Wakati wa kuondoka nikapita uani, nikamsikia anazungumza na jirani yake Sichana.

"Bamvua lile limenipita, na hili linakuja. Kamba zimelegea, mwani wote unakwenda na maji."

"Si umwache binti asubuhi moja ukafunge?"

"Nimwache na nani? Na makarai?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikajifanya natafuta kiatu.

Wewe umezoea bahari ya kutazama, basi acha nikueleze. Mwezi ukiwa mchanga, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua. Siku hizo chache bahari huyaacha wazi mashamba ya mwani, na wanawake hushuka kufunga miche kwenye kamba na kuvuna. Siku nyingine maji hayatoki vya kutosha. Bi Mwanakhamis hana binti mwingine wa kumsaidia. Sote tulimletea mtoto vitu, hakuna aliyemtazama yeye, na mwani wake unapotea kwa ajili ya mjukuu wangu.

Nilirudi nyumbani nikatazama kalenda ya mwezi. Bamvua lilipoanza nikafunga mkoba wenye nguo zangu, pilipili manga na mchele wa uji, nikaenda. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umekuja kumchukua mtoto?"

"Nimekuja kukupa asubuhi zako. Nenda kafunge mwani, mzazi nitamkanda mimi."

"Kwa mikono hiyo ya chaki?"

"Nina mdogo wangu Maskati, muulize nani alimkanda mpaka akapiga kelele mtaa mzima."

Alichukua karai langu la bata, akalitia kichwani, akashuka pwani mbio mbio, mtu mzima yule. Sikuumia kuona zawadi yangu inakwenda kubebea mwani. Angalau imepata kazi.

Sikufichi, Zeyana, zawadi ile ya pili ilikuwa na ujanja ndani yake. Asubuhi zile zote mtoto alikuwa wangu. Siku ya kwanza alilia mpaka nikakaribia kwenda kumwita bibi yake majini. Iliyofuata akalia kidogo. Ya tatu akalala begani kwangu, akanicheulia, na nguo sikutaka kubadilisha.

Bi Mwanakhamis akarudi, ameroa mpaka magotini, karai limejaa. Akasimama mlangoni akitutazama, na usoni pake nikaona kitu ninachokijua vizuri mno.

"Mbona hakulia?"

"Ameshanizoea," nikamwambia, kwa upole kabisa.

Akanikazia macho, halafu akacheka mpaka karai likayumba kichwani. Alipolitua akaniuliza, "Na bamvua la mwezi mpevu, utakuja?" Nakwenda wiki ijayo.

Basi usihesabu mwingine kaleta nini. Tazama nyumba inakosa nini. Radhiya ananyonyesha, na nguo zake zote hazifunguki mbele. Kila mtoto akilia hulipandisha dera zima mpaka shingoni, katika joto hili. Wewe ni fundi. Mshonee madera mawili ya pamba yenye vifungo kifuani, hata kwa vitambaa vilivyokubakia. Usiyafunge kwa karatasi ya kung'aa. Mpe chumbani, mkononi, umwambie umesikia anapata tabu. Watakaokuja na dhahabu waache waje nayo. Nitawaonea wivu mimi, kwa niaba yako pia.

Msalimie sana shemeji Mbarouk, na mwanangu Mayasa umwambie somo la kupika mkate wa kumimina bado namdai. Mungu akupe safari nyepesi, akufikishe kwetu kabla arobaini haijatoka na Ramadhani haijaingia.

Njoo hata kama hukuwahi kushona. Kumpakata mtoto kunataka mikono isiyoshika kitu. Ila nikimtaka, unirejeshee, usingoje nikuombe mara ya pili.

Dada yako akupendaye,
Kazija