Matofali Yaliyorudi

Shikamoo, Tata, baba yangu.

Leo tena nimeisema mlangoni kwa mazoea, kisha nikasimama pale pale kama mjinga nikisubiri marahaba yako. Tangu tukuzike hapa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, nyuma ya mibuni, nyumba imekuwa kubwa mno. Bado napika ndizi za watu wawili. Sijajua kupunguza.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisema mbele ya watu? "Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, bado unalala chumba ulichozaliwa." Vijana wenzangu wa hapa kijijini Ihanda ambao hawajatoka kwao husingizia bei ya saruji, wengine mahari. Mimi nilisingizia matofali. Niliyafyatua mwenyewe, nikayachoma, nikayafunika kwa majani makavu ya migomba, lakini kila nilipotaka kuanza msingi nilikuta lundo limepungua. Nikasema ni wezi. Ukatikisa kichwa: "Dunia imeharibika, mwanangu." Na mimi, nikuambie ukweli, sikukasirika sana. Tangu Mama atutoke, nilikuwa naogopa kukuacha peke yako na sufuria yako moja.

Siku ya msiba wako, jirani yetu Mama Koku alikuja akisukuma baiskeli iliyopakia matofali. Nyuma yake wakaja majirani wengine na yao. Nikadhani ni mchango wa kaburi. Mama Koku akaniambia, "Pole, mwanangu. Haya ni yako. Marehemu alituazima, akatukataza tusikuambie. Alisema, 'Huyu akimaliza nyumba, mimi nitakula na nani?'"

Tata, nililia mbele ya watu wote. Mwizi ulikuwa wewe. Kwa nini hukuniambia tu? Ningekaa. Nilikuwa nakaa. Tumedanganyana miaka yote hiyo, kila mtu akimwonea mwenzake huruma, na sasa hakuna wa kunifukuza wala wa kunizuia. Inauma, Tata. Inauma sana.

Kaburi lako tumelijengea matofali hayo hayo. Yametosha, mengine yamebaki.

Baba mdogo anasema nisihangaike kujenga, nyumba yako sasa ni yangu. Siwezi kukaa humo na kiti chako kitupu. Kwa matofali yaliyobaki nitaanza msingi, pale pale uliponionyesha nijenge, karibu na ulipolala. Nakuahidi mlango utatazama kwako, na kila jioni sahani yangu nitaitoa nje, nikae kizingitini.

Pumzika, Tata. Hutakula peke yako.