Neno Kikao ni Takataka

Hasna, uko wapi? Nimeua ofisi.

Si unamkumbuka Matrida wa mapokezi? Miezi minne anatutumia imeili za kikao cha harusi ya mdogo wake kule Manyamanyama. Kila Jumatatu kikao! Mimi nilikuwaga nabonyeza "spamu" kila ikiingia, kimyakimya. Nikajua inaishia kwangu tu.

Kumbe haiishii kwangu!!

Leo bosi Stanislausi kaleta wageni kutoka Dodoma. Ukumbi mtupu. Viti arobaini na chupa za chai tu. Katoka anafoka, "Imeili ya kikao hamkuipata?" Hakuna aliyeipata.

Akaitwa Prosper, fundi wa kompyuta. Kasema mbele ya wageni: "Mzee, chujio la spamu ni moja kwa ofisi nzima. Mmoja akilifundisha, limejifunza kwa wote. Na kuna mtu kalifundisha kwamba neno kikao ni takataka."

Neno kikao ni takataka, Hasna! Mbele ya wageni!

Mimi ndiye niliyesikitika kuliko wote. Nikasema kabisa, "Jamani, watu wengine hawana utu."

Bosi kaapa: "Huyo mtu nitamjua leo leo."

Sasa hivi nimefungua spamu yangu. Kuna imeili mpya ya bosi: "Kikao cha dharura, saa tisa kamili, kumtafuta mhusika. Kuhudhuria ni lazima."

Saa tisa na nusu hii. Nimechungulia ukumbini.

Yuko peke yake, anaita majina yetu mmoja mmoja.