Mawe ya Nyumba ya Baba

Jumamosi, Kitengela

Mia tatu sabini na moja. Nimehesabu mara tatu.

Tulipobomoa nyumba ya Baba kule Bisil, niliandika nambari kwa rangi nyeupe kwenye kila jiwe la kuchongwa, moja hadi mia nne kumi na mbili, ili fundi alirudishe mahali pake. Baba aliyatoa kwenye ghala la zamani la reli lililoanguka, akayabeba kwa punda. Mawe kama hayo hayachimbwi tena.

Arobaini na moja hayapo.

Nimeyapata kwa Mwangi, ndugu yangu mdogo, ambaye nilimwachia kiwanja yalipowekwa mawe akilinde. Sasa ni nguzo za geti lake. Hata hakujisumbua kugeuza upande ulioandikwa. Nambari 118 inatazama barabara, na mwandiko ni wangu.

"Dada, mawe ni mawe," akaniambia. "Leta lori moja kutoka Kiserian umalize. Na si uliyaandika nambari? Basi hayajapotea." Akacheka.

Fundi anasema bila hayo kona ya mbele haiwezi kurudi ilivyokuwa. Na nyumba yenyewe namjengea Mama, arudi kuishi pale alipoishi na Baba. Nikampigia, nikitafuta maneno ya kumweleza bila kumuumiza.

Nikamwambia Mwangi amechukua mawe ya kona ya mbele. Mama akauliza, "Kwani alichukua ya mbele? Mimi nilimwambia achukue ya nyuma tu."

Nikamwambia simu yangu inaisha chaji. Ilikuwa imejaa.