Nilizima Kengele ya Eskaveta, Akalaumiwa Zamda

Mpendwa Mama Salha, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tumelingana basi pokea salamu za kazi. Naomba unisaidie kwa sababu nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu, na yeye tangu nimwambie ananitazama kama mgeni.

Mimi ni opereta wa mitambo, nina miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na nne nimechimba barabara na mitaro kuanzia Oldonyo Sambu ninakoishi hadi huku Kikwe tunakojenga sasa, na mkono wangu ulikuwa unajua kina cha mtaro bila kuambiwa, mpaka mwezi wa pili kampuni ilipoleta eskaveta mpya yenye skrini inayoonyesha ndoo imefika wapi ardhini, kamera tatu, na kifaa kinacholia na kuisimamisha mashine mtu akisogea karibu. Ilikuja na fundi wa kuvifunga vifaa hivyo na kutufundisha, binti anaitwa Zamda, mpole, anaijua kazi, umri wa mwanangu wa kwanza. Kila alipouliza, "Tumeelewana, baba?" nilijibu tumeelewana, na ukweli, Mama Salha, nilikuwa sisomi kitu, maana mbali naona hata mbuzi aliye ng'ambo ya korongo lakini maandishi ya karibu yananichezea kama sisimizi, na niliogopa nikisema wataniambia mzee umekwisha, kaa nyumbani.

Sasa hapo saiti akina mama wanaouza maziwa wanapita asubuhi nzima, kifaa kinalia, mashine inasimama, nachelewa, wenzangu wanacheka. Siku moja nikabonyeza na kubonyeza, skrini ikaandika kitu nisichoweza kukisoma, nikakubali, kukawa kimya. Nikafurahi. Baada ya nusu saa nikazungusha mashine bila kutazama kamera, mgongo wake ukamsukuma Kandida, dada anayeshika fimbo ya vipimo, akaangukia mtaroni. Mungu ni mwema, aliteguka mkono tu, lakini nilimwona amekaa kwenye tope anatafuta kofia yake, nami nikabaki kitini.

Fomeni wetu, Elieza, akaniuliza, "Mbona haikulia?" Nikasema sijui, labda kengele haikufungwa vizuri. Zamda akaja mbio, akaniangalia usoni. "Baba, kumbuka vizuri. Hukugusa chochote?" Nikasema sijagusa. Wakamrudisha Zamda nyumbani hadi uchunguzi uishe. Hakubishana nami, alichukua begi lake akasema, "Haya baba, kwaheri," na tangu siku hiyo chakula hakinipandi. Wiki ijayo anakuja mtaalamu wa kusoma kumbukumbu za mashine. Nikikiri nitafukuzwa, nikinyamaza labda haitaonekana. Nifanye nini?

Baba Lesian, Oldonyo Sambu

MAMA SALHA ANAJIBU

Baba Lesian, barua yako sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Nilikupigia siku ileile, na yaliyotokea baadaye nayaandika kwa ruhusa yako na ya Zamda, maana najua maopereta wengine wanakubali tu wasichokisoma.

Nilikugombeza kwenye simu na nakugombeza tena hapa. Macho kuchoka si kosa, sote tunafika huko. Kosa ni kumtazama binti wa watu usoni ukamwacha abebe mzigo wako, tena anakuita baba. Na Kandida je? Angeangukia kichwa, leo ungekuwa unaandika barua gani?

Nilikuambia nenda leo, kabla ya huyo mtaalamu. Ukauliza, "Nitaanzaje, mama?" Nikakuambia sema hivi: nilizima mimi.

Ukaenda, na hapo nakupongeza. Umenisimulia jinsi Elieza alivyotoa miwani yake ya kusomea mfukoni akauliza kwa nini hukusema kwamba macho yamechoka. Umepewa barua ya onyo, umeshushwa kwenye mashine kwa miezi miwili, isipokuwa kwa mafunzo. Unastahili, usinung'unike. Zamda amerudishwa kazini na kuombwa radhi, na ni yeye aliyewaambia wakubwa wasikufukuze, kwa kuwa mtu anayejua udongo wa huku kama wewe, akiijua na skrini, hawatampata popote.

Sasa sikiliza. Wiki hii nenda hospitali ukapimwe macho, usinunue miwani ya kubahatisha barabarani. Mwambie Elieza awatengee akina mama wa maziwa njia yao na kuweka uzio, maana kile kifaa hakikuwa na ubovu, kilikuwa kinakuambia kweli kwamba kuna watu. Kandida ulimwomba radhi kwa simu, haitoshi. Nenda kwake na mkeo, mchana, mkae, umweleze mbele ya watu wake ulichofanya, na akikasirika umsikilize hadi amalize.

Na usiguse tena kitufe usichokijua. Ukiona neno geni, zima injini, shuka, uliza.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Zamda anaanza kukufundisha upya, kuanzia mwanzo. Amesema uje na maswali yote uliyoyaficha. Fika mapema.